Rangi ya Manii: Historia Yake na Wakati wa Kwenda Hospitali

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulitaja kwa kunong'ona, au hazilitaji kabisa: manii ya mwanamume yanapobadilika rangi.

Huenda unajiuliza, "Hayo si mambo ya wanaume? Mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu, mama. Mara nyingi wewe ndiwe unayefua shuka na nguo za ndani. Wewe ndiwe unayeona doa jekundu, la kahawia au la kijani kabla ya mtu mwingine. Na pengine mume wako ndiye atakayekuambia usiku, kwa hofu, taa ikiwa imezimwa. Neno la kwanza utakalomjibu linaweza kumpeleka hospitali, au kumfanya aufiche ugonjwa wake kwa miaka.

Tutaanza mbali kidogo, katika historia. Makosa tunayoyafanya nyumbani kuhusu rangi hii yalifanywa pia na madaktari wakubwa kwa karne nyingi. Waliangalia rangi kwa macho, wakakisia sababu, wakakosea. Ukweli ulipatikana pale tu kitu chenyewe kilipopelekwa kupimwa. Kumbuka jambo hilo moja, maana ndilo somo letu la leo.

Usaha ulipodhaniwa kuwa mbegu

Zamani sana, katika karne ya pili, kulikuwa na daktari maarufu aliyeitwa Galen. Alizaliwa mwaka 129 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akafanya kazi Roma. Wanaume walikuwa wakiugua ugonjwa wa kutokwa na majimaji katika uume bila kutaka. Galen aliuita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "kutiririka kwa mbegu". Aliamini kwamba mbegu za kiume zilikuwa zinavuja.

Jina hilo ndilo ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia hadi leo kwa ugonjwa ambao sisi twauita kisonono. Lakini sasa tunajua kwamba yale majimaji mazito ya njano au kijani ya kisonono si mbegu. Ni usaha, kama ule unaotoka kwenye jipu. Kosa hilo lipo bado mitaani. Mwanamume akidhani mbegu zake zinavuja, atatafuta dawa ya kuongeza nguvu. Atanunua mizizi na unga wa chupani, na huku ugonjwa unaendelea ndani yake na ndani ya mke wake.

Ilichukua muda mrefu kabla ya watu kuona ukweli. Mwaka 1677, katika mji wa Delft kule Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari, lakini alikuwa fundi hodari wa kutengeneza vioo vidogo vya hadubini, yaani kifaa cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, Johan Ham, alimletea manii ya mgonjwa wa kisonono. Ndani yake Ham alikuwa ameona viumbe vidogo vyenye mikia, vikiogelea. Alifikiri vimeletwa na ugonjwa.

Leeuwenhoek hakuridhika na kukisia. Aliyapima pia manii yake mwenyewe, mtu asiye mgonjwa, akaviona viumbe vilevile. Hivyo ikajulikana kwamba si ugonjwa. Hizo ndizo mbegu za kiume zenyewe. Aliandikia chama cha wanasayansi cha London, na kwa vile jambo lilikuwa la aibu, aliwaachia wenyewe waamue kama barua hiyo ichapishwe au itupwe. Waliichapisha. Hebu fikiria, mama: kama aibu ingeshinda siku ile, elimu hii ingechelewa zaidi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hata baada ya hapo, madaktari wengi waliendelea kudhani kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1838 daktari Mfaransa, Philippe Ricord, alionyesha kwamba ni magonjwa mawili tofauti. Mwaka 1879 daktari kijana wa Ujerumani, Albert Neisser, aliuweka usaha chini ya hadubini, akakiona kijidudu cha kisonono. Katika miaka ya 1940 dawa ya penisilini ikaanza kukitibu kwa siku chache. Leo kijidudu hicho kimezoea dawa nyingi za zamani, penisilini ikiwa mojawapo. Ndiyo sababu kununua vidonge vya kukisia dukani ni hatari. Vinaweza kupunguza dalili bila kuua ugonjwa.

Damu ya mto Nile

Sasa tuje kwenye rangi inayotisha watu zaidi, nayo ni nyekundu.

Mwaka 1798 Napoleon Bonaparte aliingia Misri na jeshi la Ufaransa. Baada ya muda, wanajeshi wake wengi walianza kukojoa damu. Madaktari wa jeshi walishangaa. Wengine walilaumu joto la jangwa, wengine jasho jingi. Lakini kwa wenyeji wa bonde la mto Nile hilo halikuwa jambo geni. Huko, na katika sehemu nyingine za Afrika, mvulana akikojoa damu watu walisema amekua, kama vile msichana anavyopata hedhi.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1851. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Alipoupasua mwili wa marehemu mmoja ili ajue chanzo cha kifo, alikuta minyoo myembamba ikiishi ndani ya mishipa ya damu. Jina lake ndilo lililozaa neno bilharzia, ambayo kwa Kiswahili ni kichocho. Mwaka 1910, Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba amekuta mayai ya minyoo hiyo katika figo za maiti zilizokaushwa Misri miaka takriban 3,000 iliyopita. Kwa hiyo damu iliyoitwa alama ya ukubwa ilikuwa ugonjwa tangu enzi za Mafarao.

Swali likabaki: minyoo inaingiaje mwilini? Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Robert Leiper alipelekwa Misri kuchunguza. Alithibitisha kwamba vijidudu vya kichocho hukulia ndani ya konokono wa majini. Vikitoka huko, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama ngozi haina kidonda.

Mama, unaona uhusiano na mazungumzo yetu? Minyoo ya kichocho cha mkojo hutaga mayai karibu na kibofu. Kwa mwanamume, mayai hayo hufika pia kwenye tezi dume na vifuko vinavyotengeneza sehemu kubwa ya manii. Yanachubua na kuleta damu. Ndipo manii huonekana mekundu, ya kahawia, au yenye mabonge ya njano. Kuna wanaume ambao dalili yao ya kwanza ya kichocho ilikuwa damu katika manii, bila damu kwenye mkojo.

Fikiria basi mwanamume aliyekulia karibu na mto na kuoga humo utotoni. Akiwa mtu mzima aonyeshe doa jekundu, mkewe aseme, "Umetoka nje ya ndoa." Kumbe chanzo ni maji ya mtoni, wala si mwanamke mwingine.

Funzo la sindano

Historia ya kichocho ina onyo jingine. Mwaka 1918 daktari John Christopherson, akiwa Khartoum nchini Sudan, alieleza jinsi alivyotibu kichocho kwa sindano za dawa ya madini. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mgonjwa alihitaji sindano nyingi, na katika kampeni za Misri kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, sindano zilitumiwa tena na tena bila kusafishwa vizuri. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba kampeni hizo zilieneza virusi vya homa ya ini aina ya C kwa watu wengi. Kwa hiyo usikubali mtu wako adungwe sindano uchochoroni na mtu asiyejulikana, hata akiahidi kwamba siri itatunzwa.

Habari njema ni kwamba tangu miaka ya 1970 kuna dawa ya vidonge, prazikwanteli. Haihitaji sindano. Hapa Kenya hutolewa pia shuleni katika maeneo yenye kichocho, chini ya mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo. Kichocho cha mkojo kiko zaidi Pwani: Kwale, Kilifi na Tana River. Kichocho cha tumbo kiko zaidi kando ya Ziwa Victoria na sehemu za kilimo cha maji kama Mwea. Zamani watoto wadogo wasiofika shule waliachwa nje, lakini mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha dawa maalumu ya watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Uliza katika kituo chako cha afya kama imefika.

Wewe pia, mama, usijisahau. Kichocho huharibu sehemu za siri za mwanamke. Huleta uchafu usioisha, maumivu wakati wa tendo la ndoa na damu isiyo ya hedhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Zimbabwe ulikuta kwamba wanawake wenye kichocho cha sehemu za siri walikuwa na VVU zaidi kuliko wenzao. Ukiteka maji au kufua mtoni, mweleze mhudumu wa afya.

Rangi na maana yake

Kwa muda mrefu madaktari walipoona damu katika manii bila kujua sababu, walisema mwanamume amekaa mno bila mke, au amezidisha. Siku hizi tunaweza kueleza vizuri zaidi. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kwanza cha kuongoza maabara katika kupima manii, na toleo la sita lilitoka mwaka 2021. Haya ndiyo mambo ya kujua:

Nyeupe au kijivu: hii ni rangi ya kawaida. Manii kuwa na mabonge kama uji ulioganda mwanzoni, kisha kuyeyuka baada ya nusu saa hivi, ni kawaida pia.

Njano hafifu: mara nyingi si ugonjwa. Hutokea kwa umri, kwa kukaa muda bila kutoa manii, kwa kuchanganyika na mkojo kidogo, au kwa kutumia vitamini na dawa fulani. Lakini macho yakiwa ya njano pia, huenda ini lina shida. Aende hospitali.

Njano nzito au kijani, pengine yenye harufu mbaya: shuku maambukizi, hasa kama anaungua anapokojoa au majimaji yanatoka hata bila tendo la ndoa.

Nyekundu au waridi: ni damu mpya. Kahawia au nyeusi: ni damu iliyokaa. Kwa mwanamume wa chini ya miaka 40, damu iliyotokea mara moja bila dalili nyingine mara nyingi huisha yenyewe. Baada ya kupimwa tezi dume kwa sindano ya kutoa kinyama, au baada ya kufunga uzazi, damu inaweza kuonekana kwa muda. Sababu nyingine ni maambukizi, kuumia, mawe, presha ya damu iliyopanda sana, dawa za kuzuia damu isigande, kichocho na kifua kikuu cha njia ya uzazi. Mara chache, hasa kwa wenye umri mkubwa, ni saratani.

Kabla ya kuogopa, hakikisheni damu inatoka kwa nani. Yaweza kuwa ya mwanamke, kutoka kwenye mlango wa kizazi. Tumieni kondomu mara moja, kisha mwangalie kilichomo ndani. Kama manii ni safi na damu iko nje, wewe mama ndiwe unayehitaji kupimwa.

Aende hospitali lini?

Aende siku hiyo hiyo kama ana maumivu makali ya ghafla ya korodani, homa na kutetemeka, damu nyingi yenye mabonge, au akishindwa kukojoa. Korodani iliyojisokota yaweza kufa ikikaa zaidi ya saa chache bila kutibiwa, kwa hiyo usingoje asubuhi.

Aende ndani ya siku chache kama:
– ana umri wa miaka 40 au zaidi, hata kama damu imeonekana mara moja tu;
– damu imerudi tena, au imeendelea kwa zaidi ya wiki tatu au nne;
– kuna damu kwenye mkojo, au anaungua anapokojoa;
– majimaji ya njano au kijani yanatoka kwenye uume;
– korodani imevimba au ina uvimbe mgumu;
– baba au ndugu yake amewahi kuugua saratani ya tezi dume;
– anakonda, anakohoa kwa muda mrefu au anatoka jasho usiku;
– amewahi kuoga au kufanya kazi katika maji ya mto, bwawa au mfereji kwenye eneo la kichocho.

Hata kama hana dalili hizi, si vibaya apimwe mara moja ili moyo utulie. Huko atapimwa presha na mkojo, na pengine damu. Kwa kichocho, mkojo mzuri wa kupima ni ule unaotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana wakati huo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ikipatikana kuwa ni kisonono au klamidia, mume na mke watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja tu, watarudishiana.

Mtoto wako wa kiume

Mvulana wa miaka 12 hadi 15 huanza kutoa manii usingizini. Usimtukane kwa ajili ya shuka iliyolowa. Mweleze kwamba anakua, na kwamba rangi yake ni nyeupe. Mwambie pia kwamba damu, iwe kwenye mkojo au manii, si alama ya uanaume kama walivyodhani watu wa kale. Akiiona, aje akuambie.

Ukiona damu kwenye nguo zake, muulize kwa upole: anaogelea wapi? Ameumia mchezoni? Anasikia maumivu akikojoa? Na mtoto ambaye hajabalehe, akitokwa na usaha au damu sehemu za siri, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Huenda ameingiliwa na mtu mzima. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa. Usimwoshe, na nguo alizovaa usizifue. Zipeleke pamoja naye. Usimlaumu mtoto.

Neno la kwanza

Mume wako akikuambia, au ukiona mwenyewe, unaweza kusema hivi: "Baba watoto, nimeona damu. Si lazima iwe jambo baya, lakini hatuwezi kujua kwa kuangalia. Twende tukapimwe wote wawili." Maneno hayo hayamshtaki, wala hayampi nafasi ya kukwepa. Ikiwa kuna kosa la ndoa, mtalizungumza mkiwa mmeshatibiwa.

Wengine huona haya kwa sababu mhudumu wa zahanati ni jirani au ni msichana mdogo. Mwanamume ana haki ya kuomba kuonana na mhudumu wa kiume kama yupo, au kwenda kituo cha mbali kidogo. Asikubali tu aibu imrudishe nyumbani bila kupimwa.

Tukumbuke

Rangi ya manii hutuambia kwamba kuna jambo. Haituambii ni jambo gani. Galen aliangalia akaita usaha mbegu. Wazee wa mto Nile waliangalia wakaita ugonjwa ukubwa. Nasi tukiangalia doa tukaliita uzinzi, au tukaliita kitu cha kupuuzwa, tutakuwa tumekosea njia ileile.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu:
1. Watu wa kwetu husema nini wakiona damu katika manii au mkojo wa mvulana?
2. Watoto wetu huogelea wapi, na je, maji hayo yana konokono?
3. Ni kituo gani cha afya kilicho karibu ambapo mwanamume anaweza kupimwa kwa faragha?

Ukimaliza kusoma, mpe na baba wa nyumba asome.